Waliniambia insulini ni ileile, mbona natetemeka kabla uji haujaiva?

SWALI

Mwanangu nesi, hujambo? Na watoto hawajambo? Mimi ni mama wa miaka 58, naishi Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Anayeandika ni mjukuu wangu wa kidato cha pili. Maneno ni yangu, mkono ni wake.

Nina kisukari, huu ni mwaka wa 11. Vidonge nilimeza miaka sita, mwisho vikashindwa, nikaanzishiwa sindano. Nimekuwa nikitumia ile ya kichupa, yenye rangi kama maziwa, inayoitwa thelathini kwa sabini. Nachoma yuniti 22 alfajiri na yuniti 14 jioni. Nimeizoea. Nikipima asubuhi kabla ya kula, sukari yangu inacheza kati ya 6 na 8, na daktari wa kliniki alikuwa akiniona ananisifu mbele ya wenzangu.

Kazi yangu ni kuuza uji na maandazi jirani na soko la mahindi. Naamka saa kumi alfajiri. Nachoma sindano, nawasha moto, nabandika uji, nakoroga. Ukishaiva najipakulia kikombe changu kwanza, ndipo napakulia wateja. Hapo nusu saa imeshapita, siku nyingine dakika 40. Nesi wa kliniki ndiye aliyenifundisha kungoja nusu saa baada ya kuchoma, nami tangu siku hiyo sijavunja.

Mwezi uliopita nimekwenda kliniki nikaambiwa dawa imekata, nitafute nje. Mwanangu wa kiume anafanya kazi Dodoma mjini. Akazunguka maduka ya dawa, akapata peni ya insulini ya kampuni nyingine. Muuzaji akamwambia, “Mwambie mama ni ileile, thelathini kwa sabini, kampuni tu ndiyo tofauti. Apige yuniti zilezile.” Nikashukuru, maana peni haiumi kama sindano.

Siku ya tatu niko jikoni nakoroga uji, mkono ukaanza kutetemeka, mwiko ukaniponyoka ukazama sufuriani. Jasho likanitoka, na alfajiri ile kulikuwa na baridi. Mjukuu anasema alikuwa ananiuliza sukari iko wapi, namjibu habari za mbuzi. Alinipima akakuta 3.1. Akaninywesha maji ya sukari nikarudi. Ndani ya siku tisa imenitokea mara nne, mara moja ikafika 2.7, na kila mara ni kabla uji haujaiva. Juu ya hayo, pale ninapochoma panatokea kivimbe chekundu kinachowasha, kikubwa kama sarafu ya shilingi mia, kinakaa siku mbili. Na macho yamekuwa na ukungu, chenji za wateja nazitambua kwa kupapasa.

Nikaogopa kufia usingizini, nikaacha dozi ya jioni. Leo siku ya nne. Kutetemeka kumeisha, lakini jana asubuhi nimepima 17.2, leo 15.8. Nakunywa maji, nakojoa, nakunywa tena. Jirani mmoja anasema peni ni feki. Mwingine anasema insulini za siku hizi zinatoka kwa nguruwe, ndiyo maana mwili unazikataa. Mzee wangu yeye anataka niachane nazo zote nirudi kwenye mizizi.

Nisaidie. Peni hii ni feki? Au mwili umeikataa? Na mwanangu akiipata ile ya zamani, nirudi?

Mama wa Kibaigwa

JIBU

Shikamoo mama. Na wewe mjukuu, asante sana, umefanya kazi ya muuguzi.

Wasomaji wengine wajue kwamba barua hii sikuiacha ingoje zamu yake. Mtu ambaye sukari imewahi kushuka hadi 2.7, kisha ameacha dozi ya jioni na sasa anaamka na 17, hasubirishwi. Nilikupigia mama siku ileile, tukazungumza karibu saa nzima, na umeniruhusu niyaandike tuliyoyazungumza ili mwenzako wa Mpwapwa au Manyoni aliyebadilishiwa dawa jana ayasome kabla mwiko haujamponyoka.

Kwanza nataka ulisikie hili: hujazusha kitu. Dalili ulizoeleza ni za kweli, zina mpangilio, na wewe mwenyewe ndiye uliyenipa jibu bila kujua, pale uliposema “kila mara ni kabla uji haujaiva”. Ningekuwa na wagonjwa kumi wanaotazama saa kama wewe, kazi yangu ingekuwa nyepesi.

Nilikuomba uichukue ile peni, na mjukuu anisomee maandishi yote, siyo jina kubwa la kampuni peke yake. Akanisomea jina, akanisomea 30, akanisomea 100 kwa mililita. Nikamwambia shuka chini, soma yale madogo kabisa. Akasoma herufi moja moja: a, s, p, a, r, t. Halafu nikamwomba atafute kichupa chako cha zamani. Bahati nzuri ulikuwa hujakitupa. Pale kimeandikwa kwamba ni insulini ya binadamu, yaani iliyotengenezwa ifanane na ya mwili wa mtu, sehemu 30 ya majimaji na sehemu 70 ya isofeni, ile ya taratibu.

Hapo ndipo ilipolala shida, mama. Namba ni zilezile, dawa iliyomo siyo ileile.

Niieleze kwa mahindi, maana wewe uko Kibaigwa. Insulini ya binadamu ya kichupa chako, ile sehemu ya 30 inayofanya kazi haraka, ikiingia chini ya ngozi inakuwa imeshikana, chembe sita sita, kama punje kwenye gunzi. Mwili hauwezi kuitumia mpaka ipukuchuke, ndiyo maana ulifundishwa kungoja nusu saa. Unachoma, mwili unapukuchua, uji unaiva, dawa na chakula vinakutana kwenye damu. Aspart imebadilishwa kidogo tu kiwandani, sehemu moja ya mnyororo wake, ili isishikane sana. Yenyewe inapukuchuka upesi. Ndani ya dakika 10 hadi 20 iko kazini. Hii inachomwa chakula kikiwa mezani, unachoma na unakula. Kungoja nusu saa ni kwa ile ya zamani.

Sasa piga hesabu ya alfajiri yako. Umechoma yuniti 22. Asilimia 30 yake ni karibu yuniti saba za haraka. Zimeingia kazini wakati wewe ndiyo unapuliza moto, tumbo tupu tangu ugali wa jana usiku, na juu yake unakuna nazi ya maandazi, unakanda unga, unabeba maji. Kazi ya mikono nayo inakula sukari. Uji haujachemka, sukari imeshafika 3.1. Si uchawi wala si laana ya peni. Ulitii kwa uaminifu kanuni ya dawa nyingine.

Na sikulaumu wewe hata chembe. Anayesema “ni ileile” mara nyingi hana nia mbaya. Majina yenyewe yanatega. Iko Mixtard 30, ambayo ni ya binadamu, na iko NovoMix 30, ambayo ni ya aspart, na zote zinatoka kampuni moja. Iko Humulin 70/30, ambayo ni ya binadamu, na iko Humalog Mix, ambayo ndani yake mna lispro, ndugu yake aspart kwa mwendo. Nyingine huandikwa 30/70 na nyingine 70/30, mgonjwa akadhani imegeuzwa kumbe ni mchanganyiko uleule, mmoja kaanza kuhesabu sehemu ya haraka, mwingine kaanza na ya taratibu. Hakuna dawa mbaya kati ya hizo. Nazitaja ili mtu ajue kwamba jina kubwa la mbele halitoshi. Neno la kutafuta ni lile dogo la chini: binadamu, aspart, lispro, au glajini, ambayo ni ya taratibu. Hilo ndilo linalokwambia ule saa ngapi.

Kuhusu dozi ya jioni. Mama, hapa ndipo niliposhtuka zaidi kuliko kwenye ile 2.7, na nilikwambia kwenye simu. Sukari ikishuka unaiona, mwiko unaanguka, mjukuu anakimbilia maji ya sukari. Sukari iliyopanda haipigi kelele. Inakaa kwenye 16, kwenye 17, wewe unadhani umepona kwa sababu hutetemeki, kumbe mwili unakauka. Ungepata malaria au kuhara ukiwa katika hali ile, ungeweza kuzimika. Nilikuomba namba ya kliniki yako, tukampata daktari jioni ileile. Akaamua uanze upya usiku huohuo kwa yuniti 10 badala ya 14, sahani ya ugali ikiwa mbele yako, upime kabla ya kulala, na alfajiri ushuke kutoka 22 hadi 20 huku ukichoma uji ukiwa umeshapakuliwa kikombeni. Hesabu hiyo ni yake kwa ajili yako, kwa kuwa ana daftari lako mkononi. Msomaji mwingine asiichukue. Kinachomhusu kila mtu ni kwamba insulini haiachwi kwa sababu ya woga. Woga unapelekwa kwa daktari na dozi inapunguzwa kwa hesabu.

Umeniuliza kwenye simu, “Sasa uji ukiiva, nichome kwanza au ninywe kwanza?” Pakua kikombe, kiweke pembeni ya jiko, kiache kipoe cha kunyweka. Choma. Kunywa. Kwa aspart hata ukichoma mara tu baada ya kuanza kula haiharibiki kitu, na siku ambayo kuni ni mbichi na moto hauwaki, hiyo ni nafuu kubwa kwako.

Kwa wiki mbili za kwanza baada ya kubadilishiwa insulini yoyote, hata kama kweli ni ileile ya kampuni nyingine, pima mara nyingi kuliko kawaida: asubuhi kabla ya kula, kabla ya chakula cha jioni, kabla ya kulala, na wakati wowote mwili unapokwambia kitu. Najua vile vijiti vya kupimia vina bei na hawavigawi kila mahali. Kama vimebaki vichache, usivitumie saa ambazo hakuna shida. Vitunze kwa ajili ya alfajiri na kabla ya kulala.

Sukari ikishuka chini ya 4, au hata kama huna kipimo lakini unatetemeka, unatoka jasho, maneno yanapotea: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Ngoja dakika 15, pima tena. Bado iko chini, rudia. Ikipanda, kula kitu kinachokaa tumboni, andazi au kikombe cha uji, usiishie kwenye sukari peke yake kwa kuwa ile sehemu ya 70 bado inafanya kazi. Mwanao alikuuliza kuhusu zabibu za Dodoma, maana anakuletea. Zabibu kula baadaye ukiwa mzima. Wakati wa kuanguka unataka kitu kisichohitaji kutafunwa wala kuhesabiwa. Na wewe mjukuu sikiliza sana: bibi akizimika asiweze kumeza, usimmiminie chochote mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, paka asali au sukari iliyoloweshwa kidogo tu ndani ya shavu, na ita watu, gari litafutwe, mwende hospitali. Weka kopo la sukari pale jikoni kwenye uji, siyo ndani kabatini. Bibi hatetemekei kabatini.

Vile vivimbe. Insulini haiji peke yake. Nyingi zimewekewa zinki, hizi za rangi ya maziwa zina protamini inayozipa rangi hiyo, na vimo vihifadhi kama fenoli na metakresoli ili bakteria wasiote ndani. Kampuni moja na nyingine hazitii vitu hivyo kwa vipimo sawa. Ngozi iliyozoea vipimo vya kichupa cha zamani inaweza kununa ikikutana na vipya, ikawa nyekundu na kuwasha, na mara nyingi hutulia yenyewe ndani ya siku au wiki chache. Kwa hiyo neno lako “mwili umeikataa” lina chembe ya ukweli, ila ni ngozi ndiyo iliyonuna, siyo mwili mzima. Lakini nilipokuuliza sindano ya peni unabadilisha baada ya muda gani, ukanyamaza kidogo, kisha ukasema, “Hii ina siku ya tano.” Mama yangu. Kile kisindano ni chembamba mno, ncha yake inapinda baada ya kuingia mara moja, ukikirudia kinakwaruza. Najua wanauza kwa boksi na boksi lina bei. Jitahidi kila mara kiwe kipya, na ukishindwa kabisa, kisivuke siku moja. Hama sehemu, leo kushoto kwa kitovu, kesho kulia, keshokutwa paja, umbali wa kidole kimoja kutoka pa jana. Vivimbe vyako vikipungua baada ya hapo, tutajua kosa lilikuwa la kisindano. Visipopungua, daktari ataangalia kama ni kihifadhi na kukutafutia chapa nyingine.

Kinachotakiwa kukukimbiza hospitali bila kungoja ni vipele mwili mzima, midomo au macho kuvimba, kifua kubana, kupumua kwa shida. Hayo ni nadra, lakini hayana subira.

Kuna jambo la tumbo ambalo watu hawaliulizi. Mtu aliyechoma miaka mitano mahali pamoja huwa na uvimbe laini chini ya ngozi, kama mto mdogo wa pamba. Hapo hapaumi, ndiyo maana anapapenda, ila insulini inanasa hapo na kutoka inavyotaka. Akipewa peni mpya na kuambiwa achome pajani penye ngozi nzima, dawa yote inaingia kwa mara moja na sukari inaanguka, na lawama inaenda kwa chapa mpya. Mwombe daktari akupapase tumbo Jumatatu. Mwambie ni mimi niliyekutuma.

Ukungu wa macho. Lenzi ya jicho inavimba na kusinyaa kufuata sukari. Sukari yako ndani ya wiki mbili imetoka 7, ikashuka 3, ikapanda 17. Jicho limeyumba nayo. Sukari ikitulia, macho kwa kawaida hurudi ndani ya wiki chache, kwa hiyo usikimbilie kununua miwani sasa, utainunua ya jicho ambalo si lako. Hata hivyo una miaka 11 na kisukari, na umeniambia macho yako hayajawahi kupimwa kwa ndani. Hilo lifanyike mwaka huu, kwa kutiwa dawa ya kupanua mboni. Na jicho likipoteza kuona ghafla, au ukaona pazia jeusi, hiyo haingoji kutulia kwa sukari.

Na figo. Ulisahau kuniandikia, lakini mjukuu alinong’ona kwamba miguu inavimba jioni. Insulini ikishaanza kurekebisha sukari inaweza kuufanya mwili ushike maji kidogo. Lakini figo zikichoka nazo miguu huvimba, na figo zilizochoka zinachelewa kuiondoa insulini mwilini, dozi ya mwaka jana ikawa kubwa mno mwaka huu. Kwa hiyo huenda peni imekuta mwili ambao ulikuwa umeshaanza kuhitaji yuniti chache. Kipimo cha damu cha figo na cha protini kwenye mkojo viko kwenye karatasi uliyoandikiwa kliniki. Usiviruke kwa sababu tumeshampata mwenye kosa.

Jirani wa feki. Ana haki ya kuuliza, dawa za bandia zipo duniani. Ila yako inafanya kazi, na imefanya kazi kwa nguvu. Feki isingekushusha mara nne kwa saa ileile, hadi ukafika 2.7. Hata hivyo muulize mwanao kama duka lile lina kibali na mfamasia, angalia kama namba ya toleo na tarehe ya mwisho kwenye boksi zinafanana na za kwenye peni, na umpe mfamasia wa kliniki yako aijaze kwenye fomu ya madhara ya dawa ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mgonjwa naye anaruhusiwa kuripoti. Si lazima uwe na uhakika kwamba dawa ndiyo chanzo, wanachotaka ni taarifa. Barua kama yako ikiwafikia kutoka Kongwa, nyingine Bahi, nyingine Singida, ndipo wanaona mpangilio.

Jirani wa nguruwe anasema jambo lililokuwa kweli zamani. Tangu mgonjwa wa kwanza alipochomwa insulini mwaka 1922 huko Toronto, kwa miaka sitini insulini ilitolewa kwenye kongosho za ng’ombe na nguruwe. Mwaka 1982 ikaanza kuuzwa insulini ya binadamu inayotengenezwa na bakteria, baadaye na hamira. Insulini ya kichupa chako na ya peni yako zote hutengenezwa kwa njia hii mpya, hazitoki kwa ng’ombe wala nguruwe. Muumini wa dini yoyote achome bila wasiwasi.

Mzee mpelekee salamu zangu na umwambie kwa heshima: mizizi isichukue nafasi ya insulini. Kama ipo mnayoitumia, daktari aijue, kwa sababu baadhi ya miti inashusha sukari na ikikutana na sindano tunarudi kwenye mwiko ulioanguka.

Ulinieleza pia unavyohifadhi: chungu ndani ya chungu, mchanga katikati, unamwagia maji asubuhi na jioni, kimefunikwa kitambaa kibichi, kivulini. Nakupongeza kwa moyo wote. Hewa kavu ya Dodoma inayakausha maji yale haraka, na ndivyo chungu kinavyopoa, hata Oktoba na Novemba jua linapochoma. Mwaka 2021 watafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha kazi waliyoifanya kutokana na kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Kenya: insulini ilikaa wiki nne kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ikabaki na nguvu yake. Peni unayoitumia ikae chunguni, isiwe imelowa. Ambazo hazijafunguliwa mwanao azihifadhi kwenye friji yake, mlangoni, mbali na barafu, maana ikiganda imekufa hata ikiyeyuka. Kabla ya kuchoma iviringishe kati ya viganja mara ishirini, taratibu, mpaka iwe nyeupe yote sawasawa. Ukiona vipande vinaelea au unga umeganda ukutani mwa peni, usichome. Toa yuniti mbili hewani kwanza uone tone. Na baada ya kubonyeza, hesabu hadi kumi ndipo uchomoe, la sivyo tone linabaki juu ya ngozi na wewe unadhani limeingia.

Kabla sijajibu la mwisho, neno kwa wanaotumia vichupa, kwa kuwa kosa lao likitokea ni kubwa kuliko la mama. Bomba la sindano la insulini lina alama za nguvu. Ziko za U-100, nyingi zina kofia ya rangi ya chungwa, na ziko za U-40, nyingi zina kofia nyekundu. Kichupa kilichoandikwa yuniti 100 kwa mililita kinataka bomba la U-100. Ukivuta dawa hiyo kwa bomba la U-40 mpaka alama ya 20, ulichovuta ni yuniti 50. Mara mbili na nusu. Na kichupa cha yuniti 40 ukikivuta kwa bomba la U-100 mpaka alama ya 20, umepata nane tu. Rangi ya kofia inaweza kukudanganya, maandishi ubavuni mwa bomba ndiyo ya kusoma. Ukibadilishiwa kichupa, bomba nalo liangaliwe palepale dirishani, kabla hujatoka.

Sasa swali lako la mwisho, mama: mwanao akiipata ile ya zamani, urudi? Unaweza, na hakuna ubaya hata ukibaki na peni, zote mbili zinatibu vizuri. La kuangalia ni ipi utaipata mwezi baada ya mwezi bila mwanao kuzunguka mji mzima, na hilo muulize mfamasia wa kliniki, siyo mimi. Ila siku utakayorudi kwenye kichupa, ile nusu saa nayo irudi, kwa sababu ukila papo hapo na insulini ya binadamu sukari itapanda kabla dawa haijapukuchuka. Usitumie peni asubuhi na kichupa jioni kwa kuziba pengo. Dozi iamuliwe upya na daktari, na mwombe aandike kwenye daftari jina la chapa pamoja na lile neno dogo, kwa herufi kubwa ambazo mjukuu anaweza kusoma kwa mwanga wa moto. Kichupa kitupu usikitupe, kiweke na daftari. Atakayekwambia tena ni ileile, mpe mkononi avilinganishe.

Nitakupigia Jumatano jioni, baada ya kliniki. Uniambie daktari amekuta nini tumboni, na figo zimesemaje.